Injini ya pikipiki ya theluji ya milimani: uchukue iliyopo au uisubiri ya tetesi?

Kila msimu wa theluji ukifika katikati, waendeshaji wa milimani hugawanyika. Yupo anayetaka kuweka oda mapema, na yupo anayezuia pesa zake kwa sababu amesikia injini mpya iko njiani: yenye ujazo mkubwa zaidi, yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kali zaidi, au ya mapigo manne iliyopunguzwa uzito mpaka ikafaa kupanda mlima. Tetesi hizi si upuuzi mtupu. Watengenezaji Ski-Doo walitoa injini ya 850 E-TEC (namba ni ujazo kwa sentimita za ujazo) kwa modeli za 2017, na wapinzani wao Polaris wakajibu kwa Patriot 850 kwenye modeli za 2019. Ski-Doo wakaleta turbo ya kiwandani juu ya injini ya mapigo mawili kwa modeli za 2020, ya kwanza kwenye pikipiki ya theluji, na Polaris wakaja na Patriot Boost kwa modeli za 2022. Aliyefuatilia mfululizo huo ana kila haki ya kuuliza zamu inayofuata ni ya nani.

Tatizo ni kwamba karibu kila tetesi huja imebeba namba moja tu, nguvu farasi. Kwa mtu wa milimani hiyo ndiyo namba inayopotosha kuliko zote, kwa sababu hutajwa kwa kipimo cha usawa wa bahari, mahali ambapo yeye haendeshi kamwe. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha injini zilizopo na zile zinazosemwa, tukubaliane kwanza tunapima nini.

Vigezo vinne

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni nguvu inayobaki ukiwa juu. Injini isiyo na turbo hupumua hewa iliyopo. Ukipanda, hewa inapungua uzito, oksijeni inayoingia kwenye silinda inapungua, na mafuta yanayoweza kuungua yanapungua pia. Hesabu ya mkononi wanayotumia mafundi ni hasara ya karibu asilimia 3 kwa kila mita 300. Injini ya nguvu farasi 165 ikifika mita 2,000 inabaki na kama 132. Ikifika mita 3,000 inabaki na kama 115 hivi. Baridi kali husaidia kidogo, maana hewa baridi ni nzito, lakini hairudishi yote.

Sasa chukua tetesi ya injini mpya isiyo na turbo itakayoongeza nguvu farasi 10. Kwenye kipeperushi zitasomeka 10. Kwenye kilele cha mita 3,000 utapata 7. Haya si mambo ya kudharau, ila ni tofauti ambayo seti nzuri ya klachi, au kupunguza mzigo unaobeba, inaweza kuikaribia.

Cha pili ni uzito, pamoja na namna nguvu inavyofika. Kwenye theluji laini na ya kina, mashine hupinduliwa ubavu, hukatishwa mlima ikiegemea ski moja ya mbele, huokolewa inapozama. Kila kilo unaibeba kwa mikono na mgongo wako. Na nguvu inayokuja kwa kuchelewa nusu sekunde katikati ya miti ni tofauti kabisa na nguvu ileile inayokuja papo hapo ulipobonyeza mafuta.

Cha tatu ni mafuta na matunzo: daraja la petroli inayotakiwa, oili, joto, klachi, belti, na urahisi wa kumpata fundi anayeijua injini hiyo. Cha nne ni fedha na muda, yaani bei ya kununua, bei ya kuuzia baadaye, na msimu utakaopita ukiwa unangoja.

Injini ya daraja la 850 isiyo na turbo

Hii ndiyo injini iliyojaa kwenye milima ya Amerika Kaskazini leo. Ski-Doo wana 850 E-TEC ya nguvu farasi 165, inayobeba chapa ya injini ya Rotax, Polaris wana Patriot 850, na Arctic Cat, baada ya miaka mingi ya kuendesha injini ya daraja la 800, wakapanda hadi 858 kwenye fremu yao ya Catalyst.

Juu mlimani hupoteza nguvu kwa kanuni tuliyoitaja, bila msamaha. Ila swali la kujiuliza ni juu kiasi gani. Mji wa Revelstoke, British Columbia, uko chini ya mita 500, na waendeshaji wake hupanda hadi kwenye mabonde na migongo iliyo mita 2,000 na kidogo. Kule injini hii bado ina nafsi. Nenda Togwotee Pass, Wyoming, ambako njia yenyewe iko juu ya mita 2,900, au Rabbit Ears Pass, Colorado, karibu mita 2,870, na injini ileile inaanza siku ikiwa tayari imepoteza zaidi ya robo ya nguvu zake. Ndiyo maana watu wawili wenye mashine moja wanaweza kubishana usiku kucha, mmoja akisema inatosha na mwingine akisema haitoshi, na wote wakawa wanasema kweli.

Kwa uzito, hapa ndipo inapong'ara. Haina turbo, haina mabomba ya ziada ya hewa, haina oili inayopelekwa kulainisha turbini. Pua ya mashine inabaki nyepesi. Nguvu yake inakuja sambamba na kidole: unabonyeza, inaitika. Kwa mtu anayepita kwenye msitu mnene, mwitiko huo una thamani kuliko nguvu farasi 20 za kwenye mteremko wa wazi.

Matunzo ni ya kawaida kwa injini za mapigo mawili: angalia oili, safisha vali za ekzosi, pima mgandamizo wa silinda kadiri kilomita zinavyoongezeka, na usiivute injini kwa nguvu kabla haijapata joto, kwa sababu pistoni hutanuka haraka kuliko silinda na inaweza kukwaruza. Jambo moja husahaulika sana. Ukihama kutoka mita 1,500 kwenda mita 3,000, vyuma vya uzito ndani ya klachi ya mbele vinapaswa kubadilishwa, la sivyo injini haitafika kwenye mizunguko yake. Nimeona watu wengi wakilaumu injini wakati kosa lilikuwa kwenye klachi.

Fedha: nafuu kuliko ya turbo kwa maelfu kadhaa ya dola, na soko la zilizotumika ni pana. Spea zipo, mafundi wapo. Inamfaa anayeendesha chini ya mita 2,400 mara nyingi, anayependa misitu, na anayetaka mashine ambayo itaeleweka kwa fundi yeyote.

Ujazo mkubwa bila turbo

Polaris walichukua njia hii kwa modeli za 2023 walipotoa Patriot 9R yenye sentimita za ujazo 899. Kila mwaka kuna tetesi kwamba fulani naye anaongeza ujazo, kwa hiyo njia hii inastahili kutazamwa peke yake.

Nguvu ya juu mlimani: asilimia inayopotea ni ileile. Injini kubwa inaanza na kapu kubwa zaidi, ila tundu la kapu ni lilelile. Faida yake halisi haiko sana kwenye kilele cha nguvu bali kwenye msukumo wa kati, pale unapotoka kwenye shimo la theluji au unapogeuza mashine katikati ya mteremko bila kasi. Msukumo huo unakuja mara moja, bila kungoja chochote kizunguke.

Uzito unabaki karibu na wa 850, na hilo ndilo lengo zima la watengenezaji wanaopita njia hii. Kwa upande wa matunzo, pistoni kubwa na msukumo mkubwa huilemea zaidi belti na klachi, na utahisi mtetemo zaidi mikononi. Bei iko kati ya 850 ya kawaida na turbo. Inamfaa dereva mwenye ufundi, anayependa mashine inayojibu kwa ukali, na ambaye tayari ameshaelewa kwamba hatashindana na turbo kwenye mita 3,000. Anayetafuta nguvu za juu tu atasikitika.

Turbo ya kiwandani

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo tetesi nyingi zinapoelekea.

Turbo hutumia moshi unaotoka ekzosi kuzungusha turbini, nayo turbini inasukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kompyuta ya injini inapima shinikizo la hewa ya nje na kuamua turbo isukume kiasi gani. Kwa hiyo kazi ya turbo ya kiwandani, tofauti na zile za kufungiwa gereji, si kutengeneza nguvu za kutisha. Kazi yake ya kwanza ni kurudisha hewa ambayo mlima umeichukua. Turbo ya kwanza ya Ski-Doo ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 165 zilezile za 850 ya kawaida, ila iliahidi kuzishikilia mpaka futi 8,000, yaani karibu mita 2,400. Wapo waliocheka: turbo gani isiyoongeza nguvu? Fanya hesabu. Kwenye mita 2,400, injini isiyo na turbo ina kama 125. Hiyo ni tofauti ya nguvu farasi 40 mahali ambapo unazihitaji, na kipeperushi cha usawa wa bahari hakikuonyesha hata moja.

Baadaye, kwa modeli za 2023, Ski-Doo wakaleta Turbo R ya nguvu farasi 180. Polaris nao waliutangaza Boost kwa lugha iliyo wazi zaidi kwa mtu wa milimani: karibu asilimia 10 zaidi ya Patriot 850 kwenye usawa wa bahari, lakini asilimia 50 zaidi kwenye futi 10,000. Natamani kila mtengenezaji atangaze hivyo, namba mbili, chini na juu. Ukisikia tetesi ya turbo mpya, uliza swali hilohilo: inashikilia nguvu mpaka mwinuko gani? Asiyeweza kujibu hilo hajui anachokisema.

Uzito unaongezeka, na karibu wote unakaa mbele na juu. Si mwingi kama ulivyokuwa kwenye turbo za kufungiwa zamani, lakini dereva mwepesi ataujua siku mashine itakapozama hadi kwenye taa. Mwitiko umeboreshwa sana. Hata hivyo, kwenye mwanya mwembamba kati ya miti miwili, turbo bado huomba dereva afikirie kabla, aanze kubonyeza mafuta mapema kidogo.

Petroli hapa si ya kubahatisha. Hewa iliyosukumwa ina joto na mgandamizo mkubwa, na mafuta ya daraja la chini hulipuka kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Tumia petroli ya daraja la juu, okteni 91 kwa kipimo cha Amerika Kaskazini, na ununue kituo chenye mauzo mengi ili isiwe imelala tangini. Unywaji wa mafuta na oili unapanda pale unapoitumia turbo kwa bidii. Joto pia ni suala: mashine hizi hupozwa na theluji inayorushwa chini ya tumbo lake, kwa hiyo ukirudi nyumbani kwenye njia iliyoganda kama jiwe, teremsha vikwaruzo (vyuma vinavyokwangua njia ili kurusha theluji ya kupoza) mapema, usingoje taa ya onyo. Upande mzuri ni kwamba kwa kuwa nguvu haibadiliki sana kati ya bonde na kilele, klachi nayo haihitaji kubadilishwa-badilishwa vyuma kila unapohama mwinuko.

Fedha: ndiyo ghali kuliko zote kwenye daraja lake, na mara nyingi toleo bora hupatikana kwa oda ya mapema tu. Bei ya kuuzia tena ni nzuri waranti ikiwa bado hai. Waranti ikiisha, wanunuzi wanakuwa waangalifu.

Inamfaa anayeishi kwenye mita 2,400 na kuendelea, anayependa miteremko mirefu ya wazi, na dereva mzito au anayebeba mizigo. Naongeza jambo moja kwa uzito wote: turbo inakufikisha kwenye miteremko ambayo mashine ya zamani ilikuwa ikikukatalia, na miteremko hiyo ndiyo theluji yake huporomoka na kufukia watu. Kifaa cha kurusha mawimbi, fimbo ya kutafutia na koleo la kumfukulia aliyefukiwa, pamoja na mafunzo ya kuvitumia, viwe kwenye bajeti ileile ya turbo. Kama pesa haitoshi kwa vyote, turbo ndiyo ingoje.

Daraja la 600 na 650

Injini hizi hazizungumzwi sana, na ni bahati mbaya. Rotax 600R E-TEC ina nguvu farasi 125, Polaris wana Patriot 650, na Arctic Cat walianza na 600 kwenye Catalyst kabla hata ya kuleta kubwa.

Juu mlimani hesabu ni kali: 125 inabaki 87 au pungufu kwenye mita 3,000, na mkanda mrefu unaosukuma mashine kwenye theluji, wenye meno ya kina, utaichosha. Kwenye mita 1,500 hadi 2,000, ikiwa na mkanda wa inchi 146 au 154, mambo ni tofauti. Mashine ni nyepesi mikononi, inageuka kwa hiari, na haimwadhibu anayejifunza. Mafuta inakunywa kidogo. Bei ni rafiki. Inamfaa anayeanza, dereva mwepesi, kijana, na mtu anayetaka kujenga ufundi kabla ya kununua nguvu. Ufundi huo ukishaingia hautoki, na utaenda nao kwenye mashine yoyote.

Kusubiri injini ya tetesi

Kusubiri ni chaguo kama mengine, na nitalipima kwa vigezo vilevile. Lakini kwanza tuchambue tetesi zenyewe, maana hazina uzito sawa.

Chini kabisa ziko picha za mbali na maneno ya "niliambiwa na mtu". Juu kidogo ziko hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi. Ombi la hataza kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, na linaonyesha kwamba wahandisi wa kampuni walilifikiria jambo fulani. Halionyeshi kwamba litauzwa; makampuni husajili mawazo mengi ambayo hayatoki maabara. Juu zaidi ziko nyaraka za vibali. Nchini Marekani kila familia ya injini ya pikipiki ya theluji inayouzwa lazima iwe na cheti cha Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, na kibali kama hicho huombwa kwa injini inayokusudiwa kuuzwa kweli. Tetesi iliyosimama juu ya cheti ni habari. Iliyosimama juu ya hataza ni matumaini.

Kalenda nayo inasema mengi. Watengenezaji wakubwa hutangaza modeli za mwaka unaofuata kati ya Februari na Machi, hufungua oda za mapema kwa wiki chache, kisha mashine hufika kwa wauzaji msimu wa vuli. Kwa hiyo tetesi ya Januari itajibiwa ndani ya wiki sita au nane, na kuisubiri hakukugharimu kitu. Tetesi ya Mei ni habari nyingine: kwa kawaida jibu lake liko karibu mwaka mzima mbele.

Tena uwanja wenyewe umepungua wachezaji. Yamaha walitangaza mwaka 2023 kwamba modeli za 2025 ndizo za mwisho kwao kwenye pikipiki za theluji. Arctic Cat iliuzwa na Textron mwaka 2025, na wamiliki wapya wana kazi ya kuijenga upya. Ushindani uliozaa 850, kisha turbo, sasa uko zaidi mikononi mwa kampuni mbili, na sioni sababu ya kutegemea kasi ileile ya miaka ya 2017 hadi 2023. Hayo ni maoni yangu, nayashikilia.

Sasa vigezo. Nguvu mlimani: inategemea tetesi ni ya nini. Ikiwa ni ya ujazo zaidi bila turbo, ongezeko litapunguzwa na mwinuko kama tulivyoona, na kama unaendesha juu sana haifai kukusimamisha. Ikiwa ni ya turbo inayoshikilia nguvu juu zaidi, au inayoitika upesi zaidi, hiyo inaweza kubadilisha siku yako kweli.

Tetesi ya injini ya mapigo manne yenye turbo hujirudia kila baada ya muda, na ina msingi. Yamaha Sidewinder ya modeli za 2017 ilikuwa na injini ya silinda tatu ya sentimita za ujazo 998 yenye turbo, ikitoa nguvu farasi kama 200, na kulikuwa na toleo lake la milimani. Nguvu zilikuwepo kwa wingi, uimara ulisifiwa, hakuna oili ya kuchoma. Kilichowashinda wengi ni uzito wa pua yake kwenye theluji ya kina. Tetesi yoyote ya mapigo manne ambayo haitaji uzito haijasema lolote. Kuhusu umeme, mashine za umeme ambazo Ski-Doo walizitoa kwa modeli za 2024 zilitangazwa kwa umbali wa hadi kilomita 50 na zilielekezwa kwenye utalii na kazi za njiani. Milima ya theluji ya kina inakula nishati kuliko hapo, kwa hiyo hilo lisikucheleweshe.

Mafuta na matunzo: injini ya mwaka wa kwanza ni kitu ambacho fundi wako naye atakuwa anajifunza. Programu ya kompyuta yake huenda ikasasishwa mara kadhaa, na spea zinaweza kuchelewa. Wanaonunua mwaka wa kwanza hupata ladha ya kwanza na pia hukutana na kasoro za kwanza. Mwaka wa pili wa injini yoyote, kwa ushauri wangu, ndio mwaka mtamu.

Fedha na muda: hapa kuna siri ambayo wanaosubiri wengi hawaitumii. Siku injini mpya inapotangazwa, mashine za modeli iliyotangulia zilizobaki kwa muuzaji zinashuka bei, na waendeshaji wanaotaka mpya wanaanza kuuza zao. Anayesubiri kwa akili anaweza kuwa hasubiri injini mpya. Anasubiri ya zamani ishuke. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba ikiwa injini mpya itakuja pamoja na fremu mpya, thamani ya mashine uliyonayo sasa itashuka vilevile. Kama unapanga kuuza yako, iuze kabla ya Februari.

Kusubiri kunamfaa mwenye mashine nzima inayomtosha, anayeendesha juu sana, na ambaye tetesi inayomvutia inahusu turbo. Hakumfai mwenye mashine mbovu. Msimu wa theluji ni mfupi, na theluji nzuri ya mwaka huu haiwekwi akiba.

Kwa hali yako

Unaendesha British Columbia au popote ambapo siku nyingi uko chini ya mita 2,200, katikati ya miti: chukua 850 isiyo na turbo, na pesa iliyobaki itie kwenye mkanda unaofaa na shoki nzuri. Tetesi ziache zipite.

Uko Wyoming, Colorado au Montana kwa juu, tuseme Cooke City ambako mji wenyewe uko karibu mita 2,300: turbo ya kiwandani ndiyo inayojilipa. Ikiwa ni Desemba au Januari, ngoja tangazo la Februari kabla ya kusaini. Ikiwa ni Aprili na oda zinafungwa, saini.

Wewe ni dereva mzoefu, una nguvu za mwili, unapenda mwitiko wa ghafla na unachukia kuchelewa kokote: jaribu 9R kwanza, na uijaribu kwenye mwinuko wako, si kwenye uwanja wa muuzaji.

Ni msimu wako wa kwanza au wa pili, au unamnunulia kijana wa nyumbani: daraja la 600 au 650, lililotumika na lenye karatasi ya kipimo cha mgandamizo wa silinda. Muuzaji akikataa kipimo, ondoka.

Unahama-hama mwinuko, wiki hii mita 1,200, wiki ijayo mita 3,000: turbo itakupunguzia kazi ya klachi. Kama bajeti hairuhusu, nunua 850 pamoja na seti mbili za vyuma vya klachi, na umwombe fundi akufundishe kuzibadilisha mwenyewe.

Unatamani mapigo manne ya kiwango cha mlima kwa sababu umechoka na oili na moshi: usiingoje bila tarehe. Endesha ulichonacho, na siku tetesi itakapokuja ikiwa na cheti cha EPA na uzito wa mashine ulioandikwa kwa kilo, rudi kwenye vigezo vile vinne uipime upya.